Risasi za Jumamosi

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, Kamene alimpiga Javan risasi ya kichwa, na kabla mwili haujatulia chini alikuwa ameshaanza kumtafuta tena. Mchezo ule ulikuwa na desturi moja nzuri: ukimuua mtu, baada ya sekunde kumi anarudi, nawe unamuua upya.

Javan alikuwa mumewe kwa miaka tisa. Siku Kamene alipokuwa kwao Mwingi akimzika mama yake, Javan alileta pikapu pale nyumbani kwao Makongeni, akapakia sofa, televisheni, mtungi wa gesi na ile PS, mashine ya michezo ya video, ambayo Kamene mwenyewe alimnunulia. Kamene alirudi na udongo wa kaburi ungali viatuni, akakuta nyumba inatoa mwangwi. Majirani walimwambia mumewe amehamia mtaa wa Umoja, kwa msusi mmoja aitwaye Winny. Kamene hakwenda kumtazama huyo msusi. Aliyemtaka ni Javan.

Kitu kimoja tu kiliachwa: kompyuta kuukuu ambayo kampuni ya uchukuzi, Kamene alikokuwa karani, iliwauzia wafanyakazi wake. Javan aliidharau siku zote. Alikuwa akisema kompyuta ni ya kuandikia barua. Mwanamume huketi kwenye sofa, akashika pad, kidhibiti cha mkononi, akacheza kwenye skrini ya maana. Kamene aliipeleka kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, ikatiwa kadi ya kuendesha michezo, kisha akajifunza mchezo ule ule aliokuwa akiusikia kwa miaka tisa huku akiosha vyombo. Wachezaji wa PS na wa kompyuta waliingia uwanja mmoja. Alijiita Mwiba. Februari akamtafuta JavanJericho, jina alilotumia Javan mchezoni, akamwomba urafiki, na ombi likakubaliwa.

Wiki za kwanza aliuawa na kila apitaye. Vidole vyake vilizoea kuchapa stakabadhi, havikujua kukimbia. Lakini polepole aligundua jambo ambalo Javan hakuwahi kulikiri: mwenye pad huzungusha shingo taratibu, kama mtu aliyelalia mto vibaya, ilhali kipanya hugeuka kabla hujamaliza kuwaza. Kufikia Pasaka alikuwa akimuua mara kumi, mara kumi na tano kwa Jumamosi moja. Wengine wote aliwaacha wapite.

Alishangaa jinsi Javan alivyoshuka kimchezo. Javan aliyemjua alikuwa akivamia milango kama askari wa kanjo akisaka wachuuzi. Huyu alijibanza pembeni, akisubiri. Kamene alijisifu kwamba ni yeye aliyemtia woga huo.

Kwenye kipaza sauti hakuna aliyewahi kusema neno. Kisha, mwezi wa sita, ujumbe wa JavanJericho ukaingia: "Mbona unanifuata mimi tu?"

Kamene alimpiga risasi.

Wiki iliyofuata ukaingia mwingine: "Nakujua wewe ni nani."

Kamene aliusoma mara mbili. Ajue, ndiyo vizuri. Akaandika kwamba kama anamjua, basi waonane ana kwa ana. Jibu lilirudi upesi kuliko alivyotarajia: Jumamosi, saa saba, soko la Burma, kwenye bucha ya kona. Kamene aliijua bucha hiyo. Ndiko Javan na madereva wenzake walikozoea kula nyama. Kumbe alikuwa na ujasiri wa kumwita mbele ya marafiki zake.

Alifika mapema, katika nguo nyeusi aliyovaa mazishini, akachagua meza inayotazama mlango. Nyama hakuagiza. Aliagiza supu, akakigusa kikombe kwa kidole, akamrudishia mhudumu aichemshe tena. Ilipoletwa mara ya pili aliirudisha vilevile. Mara ya tatu kikombe cha bati kilikuja kikitoa mvuke hata mhudumu akakishika kwa kitambaa. Kamene hakuionja. Alipima kwa macho nafasi kutoka kitini hadi kwenye uso wa atakayesimama mlangoni. Hatua nne.

Maneno alikuwa ameyapanga: hii ni ya mama. Basi, hayo tu.

Saa saba na robo aliingia mwanamke mmoja mrefu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Hakwenda kaunta. Alipita meza baada ya meza akiwachunguza wanaume nyuso zao, na muda wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkoba. Mwishowe akamfikia Kamene, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ameona mwanamume yeyote hapo anayemngoja mtu.

"Namngoja mwanamume mimi pia," Kamene alisema. "Anaitwa Javan."

Yule mwanamke alivuta kiti. Kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Ni wewe Mwiba," alisema.

Kamene aliitikia kwa kichwa.

"Mimi ni Winny. Aliondoka kwangu Januari, nikiwa hospitali ya Pumwani najifungua. Akabeba mpaka kitanda cha mtoto. PS ndiyo aliniachia, eti siku hizi mwanamume wa kweli anacheza na kompyuta. Nikaingia kwa jina lake nimtafute humo."

Akautoa mkono mkobani. Kisu cha jikoni alikilaza mezani, taratibu, makali yakitazama ukuta.

"Kila uliponiua," Winny alisema, "nilijua ni yeye."