Mshindi wa Jumapili ya Akina Mama

Muriithi alimshika Wendy nywele, akamvuta juu ya kaunta na kumgongesha paji la uso kwenye kioo. Kioo kikapasuka. Damu ilimwingia jichoni, lakini sauti aliisikia vizuri.

"Bibi yangu ako wapi?"

"Aliingia kupima viatu," Wendy alisema. "Wewe mwenyewe ulimwona."

Akamgongesha tena.

Duka la Govind liko katikati ya mji wa Nyeri. Linauza vyombo, mablanketi, nguo na viatu, na kila msimu wa zawadi ukikaribia, Wendy ndiye huandika barua pepe za kuvuta wateja. Za Krismasi huzimaliza upesi. Za Jumapili ya Akina Mama mwaka huu alizianza mapema, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa moyo kama ile.

Alipanga barua tatu. Ya kwanza iwe salamu tu, mtu asishtuke. Ya pili itaje bahati nasibu: mama mmoja atapata viatu vya ngozi na seti ya sufuria, bure. Ya tatu iwe pongezi, pamoja na masharti. Mama aje mwenyewe Jumamosi asubuhi kupima viatu. Bwana yake akimleta, naye atachagua koti.

Hilo la koti lilimsumbua sana. Aliandika, akafuta, akaandika upya. Hakutaka kusikika kama anabembeleza. Kuna wanaume ambao ukiwabembeleza wananusa.

Nimesh, mtoto wa Govind, alipita nyuma yake, akasoma na kucheka.

"Koti ya bwana? Si siku ni ya akina mama, Wendy?"

"Ndio amlete," Wendy alijibu bila kugeuka.

Mshindi akawa Wangui, mke wa Muriithi, kutoka Kiganjo. Wendy alikuwa amemwona mara moja tu, mvua za Machi zikianza, alipokuja na mumewe kununua blanketi. Skafu yake ilikuwa imeteleza, na chini yake sikio la kushoto lilikuwa limechanika, kidonda bado kibichi. Wendy alipomwomba anwani ya barua pepe kwa ajili ya matangazo ya duka, Muriithi ndiye aliyejibu.

"Andika yangu. Huyu hana haja ya simu."

Wangui alitazama sakafu. Mumewe alipoinama kulibeba blanketi, aliinua macho akamtazama Wendy moja kwa moja.

Jumamosi hiyo walifika duka likiwa tupu. Muriithi aliingia ameinua simu juu kama tikiti.

"Ni sisi tumeshinda," alisema. "Hiyo koti iko wapi?"

Peterson, askari wa mlangoni, alimpeleka kwenye makoti. Kwa kawaida Rasila, mke wa Govind, ndiye huwasaidia akina mama kupima, lakini asubuhi ile alikuwa amechukua gari akisema anaenda Mwea kununua mchele. Basi Wangui aliingia stoo peke yake.

Muriithi alivaa koti moja, akalivua. Akavaa lingine. Lile la kijivu lilimkaa, na alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akakunja kola, akaikunjua. Kisha akamwita mkewe. Kimya. Alipoupiga mlango wa stoo teke, alikuta viatu vipya ndani ya boksi lake, havijaguswa, na mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo uko wazi.

Hapo ndipo alipochacha. Peterson alijaribu kumzuia, akapigwa sufuria ya chuma usoni mpaka meno yakamtoka. Alipoanguka, Muriithi aliukanyaga mkono wake, nao ukalia kama ukuni mkavu. Rafu ya glasi ikaenda chini. Kisha akamrukia Wendy.

"Ni nyinyi mlituma hiyo imeili! Mlipanga na yeye!"

"Imeili huenda kwa wateja wote," Wendy alisema, mdomo umejaa damu. "Kompyuta ndiyo huchagua mshindi. Mimi naandika tu."

Alimkaba koo kwa mikono miwili. Dari ilianza kuingia giza. Wendy hakupiga kelele wala hakuisukuma mikono ile. Aliing'ang'ania, kucha zikizama ndani ya koti jipya, kama mtu asiyetaka iende popote.

Wauza mitumba wa kando ya barabara ndio waliomwokoa. Walimpiga Muriithi mpaka taya likavunjika, wakamfunga kwa kamba za marobota, na polisi walipofika walimkuta amelala kifudifudi juu ya vioo. Wangui hakuonekana tena Kiganjo.

Jumatatu Wendy alirudi kazini na nyuzi kwenye paji la uso, shingo imevimba, hata mate kuyameza ni taabu. Alikuwa ametoka kumwona Peterson hospitalini. Huko alilia kuliko alivyolia alipopigwa, na Peterson, akiongea kwa shida, akamwambia asijilaumu, angejuaje?

Govind alikuwa amechuchumaa akiokota vipande vya glasi na kuvitia kwenye karai.

"Hasara hii yote," alisema, "Rasila naye amerudi bila mchele, na hakuna hata mteja mmoja mwingine amekuja na hiyo imeili yako. Mwaka jana walijaa mpaka nje. Kwani tulitumia watu wangapi?"

Wendy aliketi, akaiwasha kompyuta.

"Mmoja, mzee," alisema. "Muriithi peke yake."