Hema Lenye Milaya

Kaltumu alilitandaza hema juu ya mkeka, akaweka kidole gumba kwenye mshono, akahesabu. Mishono kumi na miwili. Yake, kwa urefu wa kidole hichohicho, haikuzidi minane.

Kuna mkono mwingine uliopita hapa.

Hema lile alimshonea Hamuza kwa mkono wake, kwa turubai la milia lililokuwa likining'inia mbele ya duka lililofungwa Wahindi walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Alilipaka nta ya nyuki mpaka viganja vikamwuma. Hamuza hakuhitaji nguzo: aliipindua baiskeli magurudumu juu, akaifunika hema, akapigilia ncha zake ardhini kwa spoki kuukuu. Mtu mmoja aliingia humo barabara, asibaki nafasi hata ya paka. Hamuza alikuwa amelala ndani yake Vurra, amelala Kuluba, na kila aliyeliona aliambiwa: hili ni kazi ya Kaltumu.

Sasa limerudi kutoka Koboko na ubavu mpya. Kitambaa cha kijani, upana wa mtu aliyelala. Na chini, pa kulalia, pameshonewa milaya, lile shuka la maua ya kutarizi ambalo mwanamke wa Kinubi humtandikia mumewe.

"Amemtandikia kitanda ndani ya hema lako," alisema jirani yake Fatumah, aliyekuwa ameegemea mlango. "Huyo Hawah hana haya, dada."

"Wiki mbili Hamuza anakaa kwake Koboko, wiki mbili anakaa kwangu. Nimesema neno? Sijasema."

"Mwenzio ana miaka kumi na tisa. Wewe umebaki na meno mangapi?"

"Ya kukung'atia yapo. Nipe mkasi."

Fatumah akaacha kucheka. "Kaltumu, kesho wanaondoka."

Alijua. Hamuza, fundi baiskeli, na rafiki yake mwalimu Ezati walikuwa wamepanga safari ya siku tano, kupitia Koboko na Moyo hadi kivuko cha Laropi. Hawakubeba bidhaa. Walitaka tu kuuona mto, wakanyage pedali, warudi.

"Miaka ishirini na sita anakula chakula changu," alisema Kaltumu. "Namjua anavyolala. Magoti kifuani, mkono chini ya shavu. Upana unaomtosha naujua mimi. Huu wa kijani ni wa nani kama si wa yule msichana? Atampakia hapo Koboko, waende wakalale pamoja njiani."

Wala si safari hiyo tu iliyomnyima usingizi. Alikuwa akiogopa kwamba wiki mbili za Koboko zitageuka tatu, kisha nne, na siku moja chakula alichompakulia Hamuza kitalala kwenye bakuli mpaka asubuhi.

Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, Hamuza yuko msikitini. Kaltumu aliukata ule ubavu wa kijani toka juu mpaka chini. Milaya aliirarua kwa mikono. Kisha akalikunja hema vizuri, akalifunga kwenye keria ya baiskeli kama alivyolikuta.

Jumamosi asubuhi Hawah alishuka kwenye lori la Koboko, amekuja kumuaga Hamuza, maana Koboko wangepita tu bila kusimama. Alipiga magoti mbele ya Kaltumu, macho chini, asitamke kitu.

"Ulimi umeuacha Koboko?" aliuliza Kaltumu.

Msichana akazidi kuinama.

Nje kengele ya baiskeli ikalia mara tatu. "Hamuza! Jua iko juu!" Ezati aliingia uani na baiskeli yake, ameiegemeza kiunoni. "Mama, habari ya asubuhi. Hamuza, kabla hatujaenda, onyesha mimi chumba yangu. Kama iko na tundu, mimi narudi kwa bibi yangu."

"Tundu? Mwalimu, hata sisimizi haingii humo."

Hamuza aliipindua baiskeli, akalirusha hema juu yake kwa madaha. Upande mmoja ulisimama. Upande wa pili ukateleza chini kama nguo iliyokatika kamba, na nusu ya ua jekundu ikabaki ikining'inia kwenye pedali.

Ezati akainama, akaushika ule ukingo ulionyooka, akautazama kwa muda.

"Hii panya iko na mkasi," alisema.

Hawah alijifunika uso kwa leso.

"Ule ubavu ulikuwa wa mwalimu," Hamuza alisema polepole. "Hana hema. Mimi ndiye niliyemwambia Hawah aongeze. Na ile milaya ni ya harusi yetu, ameitarizi miezi minne." Hakumtazama Fatumah, aliyekuwa amejitokeza kwenye ua wa matete kuchungulia. Alimtazama Kaltumu moja kwa moja. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Mwombe Hawah radhi. Sasa hivi, watu wakisikia. La sivyo leo napakia vyombo vyangu vyote, nahamia Koboko."

Kaltumu alijifunga leso upya kiunoni, akakaza fundo.

"Hamia," alisema. "Wake dini inakuruhusu wanne. Aliyekuzaa ni mmoja, naye haombi radhi."