Chupa ya Alhamisi

Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imeanza kubanduka kama ganda la kitunguu, lakini mfagizi wa wodi namba nne hakuacha kusugua. Wiki ya tatu sasa. Mumewe, fundi cherehani, alilala kitanda cha mwisho dirishani, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimezidharau dawa zote za hospitali.

"Ijumaa tunaukata," daktari alikuwa amesema. "Kikivuka goti, tutampoteza mwenyewe."

Mguu wenyewe ni ule wa kukanyagia cherehani.

Tumaini lilibaki kwa mtu mmoja wa maabara, waliyemwita Bwana Chupa kwa sababu hatembei bila chupa. Aliwaeleza mume na mke taratibu: wapo virusi ambao chakula chao ni bakteria, na kila bakteria ana mlaji wake. Bakteria wa kidonda hiki alikuwa amempanda kwenye sahani, naye ameota kama ukungu. Akimwagiwa maji yenye mlaji wake, ukungu utatoboka.

"Na huyo mlaji anakaa wapi?"

"Penye mlo wake, mama. Mtoni, machinjioni, kwenye mifereji. Kwingine nitakwenda mwenyewe. Wewe nichotee chupa moja kila asubuhi kwenye mfereji ulio nyuma ya wodi yako."

Akachota. Siku kumi na saba. Kila siku jibu lilelile: ukungu mzima, hauna hata tundu.

"Mke wangu," fundi alitania huku jasho likimtoka, "huyo mlaji labda kashiba kwingine."

Mkewe alicheka ili asilie. Kesho yake aliwahi zaidi, akabeba brashi na ndoo ya klorini inayoua kila kijidudu, akaanza kusugua mfereji wa nyuma kama desturi yake, kisha akachota. Uchafu ndio uliomlaza mumewe. Basi uchafu utamjua yeye ni nani.

Alhamisi mwili ulikataa. Aliketi kidogo kando ya kitanda cha mumewe apumzishe mgongo, usingizi ukampitia, hadi Bwana Chupa alipomgusa bega.

"Chupa yangu, mama?"

Alikurupuka, akakimbia nyuma, akachovya, akarudi na maji meusi yanayonuka. Akampa bila kumtazama usoni.

"Nisamehe, kaka. Leo nimekuletea aibu."

"Chupa ni chupa," alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka, akaondoka.

Ijumaa asubuhi fundi alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji. Mkewe alimshika mguu, si mkono.

Bwana Chupa aliingia mbio, sahani mkononi. Ukungu ulikuwa umetobokatoboka kama chekeche.

"Daktari, subiri! Yupo! Mlaji yupo!"

Daktari aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama muda mrefu. Akavua glavu.

Bwana Chupa akamgeukia mfagizi, akihema. "Jana ulichota wapi, mama?"

"Palepale pa siku zote."

"Siku kumi na nane palepale, patupu. Jana ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu, kaka. Jana nilisinzia, hata mfereji siku..."

Akageukia mlango. Nyuma ya mlango ilisimama ndoo yake ya klorini ya Alhamisi, ingali imejaa hadi ukingoni.