Pikipiki ya Nne

Mtaalamu alilivuta fundo kwa kidole kimoja tu, nalo likaachia. Akacheka puani.

"Shemeji, hapa umefunga pikipiki au umefunga zawadi ya harusi?"

Shemeji, mdogo wa mkewe, jitu zima lenye ndevu, alisimama kando ya tela akitazama viatu vyake. Tangu kiwanda cha sabuni kimwachishe kazi, alikuwa analala kwenye kochi la Mtaalamu, na kwenye kochi lile alishajifunza kwamba kujibu hakumsaidii.

Jina la Mtaalamu lilitoka gereji. Waliompa walikuwa wanamcheka, lakini mwenyewe alilipokea kwa mikono miwili, akaliandikisha kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa gari.

Juu ya tela zilisimama pikipiki nne mpya, viti bado vimevaa nailoni. Ulikuwa mzigo wa majaribio wa duka kubwa la pikipiki, kutoka bohari hadi dukani. Zikifika zote bila mkwaruzo, kazi ya kuzisafirisha ingekuwa yake mwaka mzima. Ikichubuka hata moja, basi tena. Tela la kuazima angelirudisha kwa mwenyewe, naye angerudi kukaa sebuleni kutazamana na huyo huyo shemeji.

"Mchukue mdogo wangu akusaidie," mkewe alikuwa amemwomba. Akusaidie! Mtu aliyezoea kupanga miche ya sabuni.

"Njoo uone kazi ya watu," Mtaalamu alisema huku akizifungua zote. "Mkanda unashika chini ya usukani, kulia na kushoto. Unakaza, unakaza, mpaka springi za mbele zishuke, pikipiki iiname kama mtu ananawa uso. Wewe umepitisha juu ya kiti, kama unaifunika blanketi. Itashikwa na nini? Na heshima?"

Akaikaza ya kwanza. Akaikaza ya pili. Kwenye ya tatu, shemeji alikuwa amemshikia ncha ya mkanda, na mkanda ukawa unachezacheza.

"Unatetemeka nini? Haing'ati hiyo."

"Jua tu, shemeji."

"Jua la asubuhi hii? Sema kochi limekulegeza. Ungekuwa na nguvu ya mikono kama uliyonayo ya kulala, tungekuwa tumeshafika."

Shemeji alijilamba midomo. Mtaalamu aliona raha. Haipatikani kila siku nafasi ya kumsema ndugu wa mke bila mke kuwepo, naye hakutaka ipotee bure.

Akaitundika mikanda ya pikipiki ya nne kwenye usukani, tayari kuikaza. Simu ikaita. Alikuwa meneja wa duka.

"Usiguse kitu!" alimwambia shemeji, akaruka chini. "Naam, meneja! Ziko tayari kabisa. Tunatoka sasa hivi, wala usiwe na shaka."

Akiwa bado na simu sikioni, akaona muda unakwenda. Akamwelekezea shemeji kidevu kwenye pikipiki ya nne, akakunja ngumi akaizungusha: haya, malizia, kaza hiyo. Hata mtu wa sabuni angeelewa. Kisha akageuka, akaendelea kumbembeleza meneja mpaka kwenye kibanda cha mikate.

Aliporudi anatafuna skonzi, shemeji alikuwa ameketi ukingoni mwa tela, anapangusa jasho. Mtaalamu alimega kipande, akamnyooshea kama anavyomnyooshea paka. Shemeji akatikisa kichwa.

"Umefunga?" Mtaalamu aliuliza, mdomo umejaa.

"Nimefunga, shemeji."

"Kweli kweli?"

"Toka alfajiri."

Mtaalamu nusura apaliwe. "Toka alfajiri! Nimekuacha hapa sasa hivi tu! Mtu hata saa hujui, halafu dada yako anataka nikuachie mzigo wa watu."

Alishika ubavu wa tela apande akague, simu ikaita tena. Meneja alikuwa anauliza wamefika wapi. "Tuko njiani!" alisema Mtaalamu, akarukia usukani.

Njia nzima alikuwa anasema. Alisema habari ya watu wanaokula bila kufanya kazi. Alisema habari ya ukoo wa mkewe, mmoja mmoja, na hakuna aliyepona. Shemeji aliegemeza kichwa kwenye kioo, amefumba macho, midomo inachezacheza kimya kimya. Analala, Mtaalamu aliwaza. Limelala hata leo, siku ya maisha yangu.

Meneja alikuwa amesimama langoni mwa duka na wafanyakazi wake, wote wanasubiri. Mtaalamu alipiga honi, akatoa mkono dirishani kuwapungia, akapanda tuta la mwisho kwa mbwembwe.

Nyuma yake kikasikika kishindo, kisha mlio wa chuma kinachokwaruza lami.

Pikipiki ya nne iliteleza kando ya gari, ikalala mbele ya viatu vya meneja, taa imepasuka, petroli inachuruzika. Meneja aliitazama. Akaitazama na ile rangi nyekundu mlangoni. Kisha akaingia ndani, na lango likafungwa.

Mtaalamu alimshika shemeji yake ukosi, sauti inampasuka. "Si nilikuuliza! Si ulisema umefunga!"

"Nimefunga, shemeji," alisema yule, machozi yanamlengalenga. "Hata maji sijanywa. Nilikuwa nakuombea uipate hii kazi."