Mshale wa Juu, Mshale wa Chini

Kila Chelagat alipotoka nje, mama yake alitupa kisu na kiazi ndani ya karai, akakimbilia kompyuta mezani, akabonyeza mshale wa juu, kisha mshale wa chini. Alibonyeza kwa kifundo cha kidole, maana ncha zilijaa udongo. Halafu akarudi jikoni kimya, kama paka aliyeonja maziwa.

Kazi hiyo aliijua tangu bintiye akiwa chuoni. "Mum, hii ya mezani ni dirisha tu," Chelagat alimweleza wakati huo, macho yamevimba kwa kulia. "Kompyuta yenyewe iko mbali, kwa cloud, yaani mawinguni. Isipoguswa nusu saa, inalala, na kila kitu kinakatika." Mama alitazama juu, akaona ukungu wa Dundori, akaapa moyoni kwamba kitu cha msichana wake hakitalala tena.

Sasa Chelagat alikuwa amepata kazi ya majaribio na kampuni moja ya Nakuru mjini, akiifanyia nyumbani. Lakini wiki hii alikuwa na tabia mpya. Alitia simu kwenye mfuko wa sweta, akaenda kusimama kando ya ua wa michongoma. Hakuchuma mboga. Hakufukuza kuku. Alisimama tu, akitazama simu, akitazama barabara, mpaka nusu saa ikaisha.

Mama alihesabu wanaopita barabara ile, akabaki na mmoja: Weldon, anayebeba mitungi ya maziwa kwa pikipiki. Jumanne alimwona akipunga mkono.

"Mapenzi si dhambi," alijiambia huku akimenya. "Lakini kazi haingoji mtu."

Jumatano alimsikia bintiye kwenye simu na mkuu wake wa kazi. "Quincy, nipe hadi Ijumaa saa sita. Ndiyo, najua. Nikishindwa, mpe mtu mwingine kazi hii."

Usiku, walipokuwa wakila, mama aliuliza kuna nini. "Ni kazi tu, Mum," Chelagat akaiambia sahani ya ugali. Alikuwa mwenye haya tangu utotoni. Mama hakumchimba. Aliongeza mishale tu: badala ya mara moja kwa nusu saa, kila dakika kumi.

Na kila Chelagat aliporudi, alitazama kioo cha kompyuta, akashusha pumzi ndefu, akachora kitu kwenye daftari.

"Iko sawa?" mama aliuliza, sauti yote asali.

"Iko vile vile."

"Mungu ni mwema!"

Ijumaa, saa tano kasorobo, Chelagat alitoka tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeenda kung'olewa jino. Mama alibonyeza mara ya kwanza. Akabonyeza mara ya pili. Alipoinuka kwenda kwa ile ya tatu, alisikia kitu kikitafunwa nje.

Malkia, ng'ombe wao, alikuwa amekata kamba na kuingia kwenye kabeji. Kabeji alizozipalilia kwa mikono yake, hata siku ya mvua ya mawe!

Mama alitazama dirisha. Akatazama saa ya ukutani. Akatazama kompyuta.

"Kula tu, shetani wewe," alimwambia Malkia, akakimbilia mishale.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Mum! Malkia yuko kwa—"

Kifundo cha mama yake kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Mum, unafanya nini?"

"Nakushikia kazi, mami, nini kingine?" Mama alijinyoosha kama askari. "Na huyo Weldon mlete ndani anywe chai, usimfiche kwa michongoma. Wiki nzima umeenda kwake, na wiki nzima mimi sijaiacha hii ilale. Hata mara moja!"

"Weldon gani?" Chelagat aliketi polepole. Alifungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa alama za kukosa, mstari baada ya mstari. "Mum, mimi huwa nahesabu nusu saa."

"Ya nini?"

Chelagat alifunga daftari. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisema kwa sauti kazi yake ni ipi.

"Mum, hii ya kampuni nimepewa niifanye ilale yenyewe ikiachwa nusu saa."