Stendi Isiyomwaga Maharage

Mzee Polikarp alimwaga kiganja cha maharage juu ya stendi ya keki, akaizungusha nusu duara, kisha akainama kutega sikio kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa.

"Hii inalia," akasema. "Lete nyingine."

Sharon, mwenye duka la vifaa vya keki mjini Sumbawanga, alikuwa ameshauzia stendi masista, mama lishe, hata mfinyanzi mmoja wa Kizwite aliyetaka kuzungushia vyungu vyake akivitia nakshi. Lakini mteja wa kuja na maharage yake mfukoni ndiyo kwanza anamwona.

"Babu, hiyo ya plastiki ni ya wanaojifunza. Ya kioo inapendeza ila inateleza mezani. Chukua hii ya chuma. Ina gololi ndani na mpira chini, inabeba keki ya ghorofa tatu."

"Na keki ikiwa nzito kama gogo?"

"Keki gani hiyo, babu?"

"Mke wangu ndiye mpishi."

Sharon akacheka mpaka akashika kaunta. "Itabeba. Ila uiguse kwa kidole kimoja tu. Ukiisukuma kwa nguvu, itazunguka mpaka kesho."

Polikarp akaigusa kwa kidole kimoja. Nusu duara, kimya, ikatulia. Hakuna harage lililohama. Macho yakamng'aa kama mtoto aliyeona mnofu.

Mara nje ikalia kengele ya baiskeli. Polikarp akaifutika stendi ndani ya koti, maharage yakatawanyika sakafuni.

"Polikarp! Leo umepoteza ulimi?" Ni Felisiani, mguu mmoja chini, tabasamu limefika masikioni.

Polikarp akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu hawajambo?" Akaondoka akipiga mluzi.

Sharon akatoa macho. "Babu, unamwamkia yule? Si mmelingana?"

"Tumelingana wapi! Nimemzidi miezi mitatu. Yeye analala chali, mimi nilishaanza kukaa."

Kisa chenyewe ni bao. Kila Sabasaba wazee hao wawili hucheza nyumbani kwa Polikarp, Katandala, mchezo mmoja wa kula siku nzima. Watazamaji hawaruhusiwi, maana watazamaji hufundisha. Atakayefungwa humwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima, popote watakapokutana. Polikarp alikuwa amefungwa miaka saba mfululizo. Alishaamkia sokoni, alishaamkia kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, na mwezi uliopita mjukuu wake alimuuliza, "Babu, kumbe babu Felisiani ndiye alikuzaa?"

Neno hilo ndilo lililomsukuma dukani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba asubuhi daima yeye ndiye huongoza. Anamla Felisiani kete mpaka anamwonea huruma. Saa sita kengele ya parokia inalia, wanasimama, wanafumba macho, wanasali Malaika wa Bwana. Wakikaa tena, basi, mkosi. Kete zake zinamwishia kama ulezi uliovamiwa na ndege. Aliamini ni njaa: saa sita akili yake hushukia tumboni.

Sasa alikuwa na dawa. Saa tisa husimama tena kwa sala ya Huruma ya Mungu. Kete za bao hazina rangi ya mtu. Ukiligeuza bao, umegeuza mchezo. Felisiani akiwa amefumba macho, kidole kimoja tu kingetosha. Mama yake marehemu alimwonya kuwa anayefumbua macho katikati ya Malaika wa Bwana humwona shetani. Sala ya saa tisa mama hakuitaja.

Siku ilipofika, upepo wa Ufipa ukiuma masikio, Polikarp aliiweka stendi katikati ya meza ya sebuleni, juu kabisa ya ule mchubuko wa duara uliozidi kila mwaka. Gaudiosa, mkewe, alishamlaumu kwa mchubuko huo mpaka akachoka. Yeye humwambia ni mchwa. Akafunika stendi kwa kitambaa cha kufuma, juu yake akapachika bao lake la mninga.

"Bao limepanda cheo?" Felisiani akauliza.

"Mgongo wangu haupendi kuinama."

"Usijali. Jioni utainama ukiniamkia."

Wakacheza. Polikarp akala kete kama nzige. Saa sita ilipokaribia, upande wa Felisiani ulibaki na kete za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, naye wala hana wasiwasi, anamung'unya karanga zake.

"Leo huchomoki," Polikarp akamwambia.

"Mungu ndiye ajuaye," Felisiani akajibu.

Kengele ikalia. Wakasimama. Felisiani, mwenye sauti ya katekista, akaanzisha sala. Polikarp akafumba macho kwa amani kabisa. Kazi yake ilikuwa ya saa tisa.

Walipofika katikati ya Salamu Maria ya pili, kitu kikamgonga Polikarp kwenye pua. Kingine kwenye paji la uso. Kisha kete zikanyesha sakafuni na kwenye kabati la vyombo kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mama amsamehe, alifumbua macho.

Bao lilikuwa linazunguka kama feni, na mkono wa Felisiani ulikuwa bado umenyooka juu ya meza, macho yake wazi kama ya bundi. Hakuruka hata neno moja la sala. Aliisali yote mpaka amina, akafanya ishara ya msalaba, akatazama chini.

"Shikamoo, kaka Polikarp."