Mchele Ndani ya Fulana

Korogwe nzima hakuna mwanamke mwerevu kunishinda, ingawa darasa la nne nililisoma miaka mitatu.

Sheria inasema mtoto mchanga alale kwenye kitanda cha wilaya, sanduku jeupe lenye mfuniko wa kioo, linalompima uzito na kupeleka habari ofisini. Ukikaidi, wanamchukua akalelewe kituoni mpaka aote meno. Mjukuu wangu Zamoyoni ana siku arobaini. Alale sandukuni kama mkate, na mama yake yupo, ana kifua chenye joto? Nani alishikwa na uchungu, huyo mama au wilaya?

Basi Zamoyoni analala kando ya mama yake, na sandukuni nimeweka kilo nne za mchele ndani ya fulana. Kila Ijumaa naongeza konzi moja, mtoto akue.

Jana akaja afisa wa usingizi, binti aitwaye Leokadia.

"Shikamoo bibi. Kuanzia kesho vitanda vinapima na joto. Nimekuja kumwona mtoto."

"Marahaba. Amelala, usimwamshe."

"Ni sheria, bibi. Hata wangu analala humo tangu azaliwe, wala hana neno."

Akafunua mfuniko, akabonyeza fulana.

"Bibi, mchele mtupu watakushika," akanong'ona. "Tia na chupa ya maji ya moto. Ibadilishe kila baada ya masaa matatu, ikizidi hapo inapoa."

"Hayo masaa matatu umeyapimia kwa mtoto wa nani, mwanangu?"

Akautazama mlango kama mwizi wa kuku.